Waliomwona mzuka wa San Andreas waliona kitu

Mkute kijana yeyote wa Dar es Salaam aliyekulia kwenye mabanda ya gemu, awe wa Manzese, Tandika, Buguruni au Mbagala, umuulize habari za mzuka wa San Andreas. Hatakuuliza mzuka gani. Atakueleza juu ya gari bovu linalotembea lenyewe msituni bila dereva, juu ya kiumbe chenye manyoya kinachopita kwenye miti ya Mlima Chiliad, na juu ya mama yake CJ, mhusika mkuu wa gemu hiyo, anayetokea usiku ndani ya nyumba ya Grove Street, wakati tangu gemu inaanza tunajua ameshazikwa. Wengi watasema walisimuliwa. Lakini wapo watakaokuapia kwamba waliona kwa macho yao, na leo wakiwa watu wazima wenye familia zao, maelezo yao hayajabadilika.

Mazoea yetu ni kuwacheka. Tunasema ulikuwa utoto, au ulikuwa uongo wa kutafuta sifa bandani. Mimi sikubaliani na hukumu hiyo. Nimewasikiliza watu wengi wakisimulia visa hivi, na ninaamini wengi wao wanasema kweli. Mzuka kwenye ile CD haukuwepo, hilo limeshathibitishwa na nitaeleza lilivyothibitishwa. Ila kwenye kioo cha TV waliona kitu, na kitu hicho kina sababu. Sababu nyingine zimo ndani ya mashine, nyingine zimo katika maisha yenyewe ya bandani, na hizi za pili ndizo ambazo wachambuzi wa Ulaya na Marekani hawawezi kuzijua, kwa sababu wao walicheza wakiwa peke yao vyumbani kwao.

Kwa ambaye hakupitia huko: Grand Theft Auto: San Andreas ilitolewa na Rockstar Games Oktoba 2004 kwa ajili ya PlayStation 2, na mwaka uliofuata ikaja ya kompyuta. Ni hadithi ya Carl Johnson, CJ, anayerudi nyumbani Los Santos mwaka 1992 baada ya mama yake, Beverly, kuuawa kwa risasi. Jimbo zima ni la kubuni. Lina miji mitatu mikubwa, lina jangwa, na katikati lina mashamba na misitu minene. Karibu visa vyote vya mizuka vinatokea huko porini: Back o' Beyond katika Flint County, Shady Creeks na Mlima Chiliad katika Whetstone, na msitu wa Panopticon upande wa Red County. Ni sehemu ambazo misheni zinakupeleka mara chache. Ukitoka kwenye kelele za Grove Street ukafika huko, watu wanapungua mpaka wanakwisha, redio ya gari ukiizima unabaki na upepo tu.

Sasa, kwa nini nina uhakika kwamba hakuna mzuka kwenye CD? Mkuu wa Rockstar wa wakati ule, Terry Donovan, alikanusha habari za Bigfoot, yaani kile kiumbe chenye manyoya cha Chiliad, lakini kanusho la mwenye mali halinitoshi, kwa sababu kampuni hiyohiyo iliwahi kuficha jambo ikabanwa. Juni 2005, gemu ya kompyuta ilipotoka, Mholanzi mmoja, Patrick Wildenborg, alisambaza kiraka kidogo cha programu kilichofungua kipande cha mapenzi ya chumbani ambacho watengenezaji walikuwa wamekifunga bila kukifuta. Rockstar kwanza waliwatupia lawama wadukuzi. Baadaye ikaonekana kipande hicho kimo hata kwenye CD za PlayStation 2 zilizokuwa zimeshauzwa. Julai mwaka huo bodi inayopanga madaraja ya gemu Marekani, ESRB, ikaipa San Andreas daraja la watu wazima tu, na maduka makubwa ya huko yakaiondoa kwenye rafu.

Kisa hicho ndicho kinachofunga mjadala wa Bigfoot. Kuanzia pale, watu wa dunia nzima waliingia kwenye mafaili ya gemu hiyo na kuyapekua moja baada ya jingine: maumbo ya watu, magari, sauti, mistari ya programu. Walikuta silaha ambazo hazikutumika, maneno yaliyorekodiwa yakaachwa, mabaki ya misheni zilizokatwa. Kama kungekuwa na umbo la kiumbe chenye manyoya, au la mama wa CJ akiwa mzuka, lingepatikana katika miezi ya mwanzo tu. Halikupatikana, na miaka zaidi ya 20 imepita.

Basi tubaki na swali gumu. Kama hakikuwemo, waliona nini?

Nianze na shahidi ambaye hana kosa hata moja: aliyeona gari linalotembea lenyewe. Gari hilo lipo. Ni Glendale, gari kuukuu la milango minne, na watengenezaji waliliundia umbo lake maalumu la mabati yaliyobonyea na kutu, wakaliweka msituni bila maelezo yoyote. Mahali walipoliweka ni kwenye mteremko. Mashine ya PlayStation hailiweki gari pale muda wote. Inaliunda pale mchezaji anapokaribia. Likishaundwa, halina breki ya mkono, kwa hiyo linaanza kuteremka kwa uzito wake, linagonga miti, linaserereka mpaka bondeni. Anayekuja kwa miguu usiku anasikia kishindo, anageuka, anakutana na gari bovu lisilo na mtu linamjia. Kila aliyewahi kunisimulia kisa hiki alisema gari lilikuwa linateremka. Sijamsikia hata mmoja aliyeliona likipanda. Watoto waliokuwa wanadanganya wangelipandisha mlima, maana uongo haujali mwinuko. Hawa walisimulia walichokiona, sawasawa na fizikia ya gemu ilivyokuwa.

Kiumbe cha Chiliad kinahitaji maelezo marefu kidogo, na hapa ndipo panaponivutia zaidi.

PlayStation 2 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32 tu kwa kazi zote, na nyingine 4 za picha. Simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa Kariakoo leo inaipita kwa mbali sana. Ndani ya kumbukumbu hiyo watengenezaji walitaka kuingiza jimbo la kilomita za mraba 36 hivi, lenye milima, bahari na miji, ambalo unalizunguka bila kusimama kusubiri. Haikuwezekana kulibeba lote. Kwa hiyo mashine ilishika kile kilicho karibu na CJ peke yake, na kadiri anavyosogea ilisoma vipande vipya kutoka kwenye CD na kutupa vya nyuma. Vitu vya mbali vilichorwa kwa maumbo mepesi, mti ukawa kama kipande cha karatasi kilichosimamishwa, na ukifika karibu umbo lile jepesi linaondolewa, linawekwa la kweli. Ili macho yasigundue mabadiliko hayo, wakaweka ukungu. Mbinu hiyo ilikuwa na historia: Silent Hill ya mwaka 1999 iliufunika mji mzima kwa ukungu kwa sababu PlayStation ya kwanza haikuweza kuchora mbali, na ukungu huohuo ndio uliowatisha watu zaidi kuliko majini yenyewe.

Sikiliza sasa ushuhuda wa Bigfoot unavyosimuliwa siku zote. Kilikuwa mbali, kwenye ukungu, kimesimama wima kati ya miti. Kilikuwa cheusi. Nilipokikaribia kikapotea. Hayo ni maelezo kamili ya umbo jepesi linalobadilishwa mbele ya macho. Shahidi amekosea kitu kimoja tu, jina. Rangi, umbali, kusimama, kutoweka, vyote kavipata.

Hapo bado sijaingia bandani, na bandani ndipo mambo yalipozidi.

Banda la gemu la miaka ile lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, au kibanda cha mabati pembeni ya barabara, TV za chogo mbili au tatu juu ya meza ndefu, benchi, na pazia mlangoni ili jua lisipige kioo. Joto la Dar chini ya bati la saa nane mchana unalijua. Mashine inawashwa asubuhi inazimwa usiku, feni imeelekezewa mashine na siyo watoto, vumbi la barabarani linaingia lote. Zile PS2 zilikuwa zimechipiwa ili zikubali CD za kunakili, na CD zenyewe zimepita mikono ya mtaa mzima. Lenzi ikachoka. CD ikianza kukwama, mwenye banda anaitoa, anaipaka dawa ya meno kidogo, anaifuta kwa pindo la fulana kuanzia katikati kwenda nje, anairudisha. Ikigoma tena anaisimamisha mashine kwa ubavu. Hapo itasoma, lakini kwa shida.

Gemu inayotegemea CD kila sekunde, ikisomwa na lenzi ya namna hiyo, inatoa maajabu. Barabara inachelewa kufika na CJ anaendesha juu ya kitu kisichoonekana. Nyumba inakosa kuta. Daraja halipo halafu lipo. Mtu anazama ardhini, anaanguka kwenye uwazi usio na mwisho, kisha mashine inamrudisha juu kana kwamba hakuna lililotokea. Mtoto wa London mwenye CD ya dukani aliona haya mara chache sana. Mtoto wa Tandika aliyaona kila wiki. Ndiyo maana naamini kwamba watoto wa huku walikuwa na haki zaidi ya kuamini mizuka kuliko wenzao wa kule ambako uvumi wenyewe ulianzia. San Andreas yao ilikuwa imevurugika kweli.

Halafu kulikuwa na chiti, yaani mifuatano ya vitufe inayobadilisha gemu. Nyuma ya madaftari ya hisabati ya kizazi kile kulikuwa na orodha zilizonakiliwa kwa mkono, zenye mishale na herufi. Ya jetipaki wengi wanaikumbuka mpaka leo: L1, L2, R1, R2, juu, chini, kushoto, kulia, halafu unarudia yote tena. Kwa jetipaki mtoto mwenye dakika chache za kulipia aliweza kufika sehemu za mbali za ramani kabla hadithi haijamfikisha, na hapo ndipo wengi walipouona msitu kwa mara ya kwanza, wakiwa juu, wakiwa na haraka, na polisi wakiwa nyuma yao.

Lakini kulikuwa na chiti nyingine ambazo zilibadilisha dunia yenyewe. Moja iliwafanya watembea kwa miguu wote wafanane na Elvis Presley. Nyingine ilijaza mitaa watu waliovaa kama wachekeshaji wa sarakasi. Nyingine iliwafanya raia wote wapigane, na hiyo ukiisevu imeganda, haitoki. Fikiria utaratibu wa bandani. Memori kadi ni moja, ya mwenye banda, inatumiwa na kila mtu. Mashine haizimwi kati ya zamu na zamu. Mtoto wa kwanza muda wake unakwisha, anakabidhi padi bila kusema ameingiza nini, anaondoka zake. Wa pili anakaa, anaendelea pale palipoachwa, anaingia porini, anakuta mtu wa ajabu amesimama peke yake kwenye ukungu. Hajui kwamba dunia hii imeguswa na mwenzake robo saa iliyopita. Anachojua ni kwamba jana alipocheza hakukuwa na mtu wa namna ile. Ningekuwa mimi ningekimbia pia.

Sababu hii siioni ikitajwa popote kunapojadiliwa hadithi za San Andreas, na ninaitilia uzito mkubwa. Wachambuzi wengi wanachukulia kwamba mtu mmoja, mashine moja, hadithi moja. Huku mashine moja ilikuwa na wachezaji wa mtaa mzima, na kila mmoja aliachia mwenzake mabaki yake.

Nyumba ya Grove Street ina uzito wa aina nyingine. Hapo sina gari la kuonyesha wala umbo la mti. Nina hisia. Gemu inaanza na msiba. CJ anaingia ndani ya nyumba ya mama yake, anaikuta tupu, na mchezaji anarudi humo mara nyingi kwa sababu ndimo anamosevia. Mtoto wa uswahilini aliyelelewa na bibi, aliyezoea kuambiwa kwamba marehemu huja kuangalia nyumba yake, aliingia kwenye kile chumba na matarajio yaliyokamilika. Kivuli cha CJ mwenyewe ukutani kilitosha. Hapa nakubali kwamba shahidi alileta mzuka wake kutoka nyumbani. Ni ushuhuda dhaifu kuliko ule wa msituni, lakini hata huu siuiti uongo.

Kilichofuata baada ya kuona ndicho kilichokuza habari. Bandani hakukuwa na kurudia. Hakuna aliyerekodi. Tukio limepita, waliokuwa kwenye benchi wameona nusu, aliyekuwa nje analipia amesikia kelele tu, na jioni habari imefika mtaa wa tatu ikiwa imeshaota mikono na miguu. Mwenye banda hakuwa na sababu ya kuizima, kwa sababu kesho watakuja wengi zaidi kutafuta. Na anayekataa ndiye aliyetakiwa kuthibitisha. "Wewe ulishafika kule usiku?" Hakufika, hana hela ya muda wa kufika, ananyamaza.

Pwani yetu inaujua utaratibu huu kuliko tunavyopenda kukiri. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, jini linalodaiwa kuwavamia watu usiku, ilienea Pemba na Unguja mpaka watu wakawa wanalala nje kwa makundi kando ya moto, na mwaka 2007 habari zake zilisikika tena hapa Dar es Salaam. Katika simulizi za Popobawa kuna kipengele kimoja ambacho mchambuzi yeyote wa uvumi lazima akisimamie: aliyetembelewa aliambiwa awaeleze wenzake, la sivyo kitamrudia. Hadithi ilibeba ndani yake amri ya kusambazwa. Aliyesikia hakuweza kubaki nayo, na aliyesimulia alikuwa anajikinga. Mzuka wa San Andreas haukuwa na amri hiyo, lakini ulikuwa na kitu kinachofanana nayo kwa mtoto: aliyeona akanyamaza alibaki na hofu peke yake, aliyesimulia akapata wenzake wa kwenda naye kesho.

Tofauti kati ya hizi mbili ni kubwa na naitaja kwa makusudi. Mwaka ule wa 1995 Zanzibar, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, aliyetoka bara kwenda kutafuta matibabu, aliuawa na kundi la watu waliosema ndiye Popobawa. Hapo kuna watu walioona kitu usiku, wakakipa jina haraka, na jina likamwangukia mtu mwenye damu na nyama. Ndiyo maana suala la mzuka wa kwenye gemu kwangu si la mzaha. Banda lilikuwa mahali pekee ambapo mtoto wa Dar aliweza kuona jambo la ajabu, akatangaza, akabishiwa, akarudi na wenzake kulikagua papo hapo, na hakuna aliyeumia. Wale waliolifuata Glendale mara ya pili na ya tatu, wakasimama juu ya mteremko wakalitazama linavyoanza, walikuwa wanafanya uchunguzi, hata kama hakuna mwalimu aliyewaambia hivyo.

Wazee wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika gemu usemi huu umetimia kwa namna ambayo inashangaza. Mortal Kombat ya mwaka 1992 ilikuwa na ukurasa wa mafundi wenye neno Ermacs, lililohusu makosa ya programu. Wachezaji wakadai ni mpiganaji aliyefichwa, wakasema wamemwona, ikasambaa hadi picha ya kughushi. Hakuwepo. Mwaka 1995, katika Ultimate Mortal Kombat 3, watengenezaji wakamuumba. Aprili 1992 jarida la Marekani la Electronic Gaming Monthly liliwafanyia wasomaji utani wa sikukuu ya wajinga kwamba kwenye Street Fighter II kuna bwana wa siri anayeitwa Sheng Long. Watu wakavunja vidole kumtafuta, na mwaka 1994 mchezo huo ukapata bwana wa siri wa kweli, Akuma. Kwenye Minecraft, tangu 2010, kuna Herobrine, mtu mwenye macho meupe ambaye hakuwahi kuwemo, na watengenezaji wakawa wanaandika katika orodha za masasisho kwamba wamemwondoa, kitu ambacho kiliwapa waumini nguvu mpya.

Rockstar nao wakafika huko. Grand Theft Auto V ilipotoka Septemba 2013, mlimani Gordo paliwekwa mzuka halisi wa mwanamke, Jolene Cranley-Evans. Unatokea kuanzia saa tano usiku hadi saa sita usiku kwa saa za gemu, unauona kwa mbali, ukiukaribia unapotea, na pale uliposimama kuna jina la mumewe, Jock, limeandikwa kwa damu juu ya mwamba. Bigfoot naye akapewa misheni. Mwaka 2018 Red Dead Redemption 2 ikaja na Agnes Dowd, mzuka wa kinamasi cha Bluewater Marsh. Ni kazi nzuri, sitaki kuzidharau. Agnes Dowd hasa ameandikwa kwa huruma. Lakini angalia kilichotokea kwa mashahidi: hawahitajiki tena. Saa inajulikana, mahali panajulikana, unakwenda unauona, unarudi. Nimewahi kumsikia kijana akisimulia mzuka wa Gordo na aliyemsikiliza akauliza tu, saa ngapi? Hakuna aliyebisha, na pasipo ubishi mazungumzo yalikwisha palepale.

Ushahidi mkubwa kuliko wote wa hoja yangu ulikuja Novemba 2021, wakati San Andreas ilipotolewa upya, imeng'arishwa kwa mashine za kisasa. Mashine hizo zina nguvu ya kuchora jimbo zima kwa mara moja, na walioitengeneza upya wakaondoa ukungu. Ukisimama juu ya Chiliad uliona kila kitu hadi miji ya ng'ambo. Jimbo ambalo lilikuwa linaonekana kama nchi nzima likawa dogo, milima imekaribiana na mji, jangwa liko hapo tu. Wachezaji walilalamika sana, Rockstar wakaomba radhi kwa hali ya gemu hiyo, ukungu ukarudishwa kwa masasisho, na Novemba 2024 likaja jingine lenye mwanga na anga vinavyofanana na vya zamani. Waliolalamika walitaja rangi, sura za watu, mvua iliyochorwa vibaya. Wengi walitaja umbali. Walikuwa wanasema kwa maneno yao kwamba pale juu hapakuwa na mahali pa kitu chochote kujificha.

Leo watoto wa Dar wanaicheza San Andreas kwenye simu, ilifika huko mwishoni mwa 2013, na wengi wanaijua kwa vipande vya video kuliko kwa kuicheza. Video za mama wa CJ zimejaa. Mzuka umesimama katikati ya chumba, mweupe, unaonekana wazi, muziki wa kutisha chini yake. Hizo ndizo za uongo, na ni rahisi kuzitambua, kwa sababu kuongeza umbo lolote kwenye gemu hii ni kazi ya dakika chache kwa anayejua. Aliyeghushi anataka uone, kwa hiyo anaweka mzuka pale ambapo macho yako yapo tayari. Na kwa bahati mbaya hao ndio wamewaharibia jina mashahidi wa zamani, mpaka kizazi kipya kinadhani hadithi yote ilianza kwa utapeli.

Anayetaka kujua kama kaka yake mkubwa alisema kweli, amuulize maswali ya kawaida. Ulikuwa unacheza kwenye mashine ya nani? CD ilikuwa inakwama siku hiyo? Nani alicheza kabla yako, na aliingiza chiti gani? Ilikuwa usiku ndani ya gemu, kulikuwa na ukungu? Ulipokisogelea kilifanya nini? Aliyeghushi atakosa majibu baada ya swali la pili, au atakuwa nayo mengi mno. Aliyeona atakumbuka padi iliyokuwa na kitufe kinachonata, atakumbuka jina la aliyekuwa mbele yake kwenye zamu, na atakwambia kwamba kile kitu kilikuwa kidogo, pembeni mwa kioo, na hakuwa na uhakika hata siku ile.